Miaka Thelathini ya Hoja Isiyo na Hitimisho

Tarehe 29 Oktoba 1995 nilikuwa kijana wa sekondari. Mama yangu alipanga foleni ya kupiga kura Temeke tangu alfajiri, na karatasi hazikufika kituoni kwake mpaka jua linaelekea kuzama. Hakuwa peke yake. Kasoro zilienea jijini kiasi kwamba uchaguzi wa majimbo yote saba ya Dar es Salaam ulifutwa, ukarudiwa tarehe 19 Novemba. Mama alirudi kwenye foleni.

Tarehe 29 Oktoba 2025, miaka thelathini kamili baadaye, nilikuwa nimejifungia nyumbani Mbagala. Intaneti ilikuwa imezimwa, amri ya kutotoka nje usiku imetangazwa, nami sikujua wanafunzi wangu wangapi walikuwa salama. Watu walipoteza maisha siku zile, na hakuna takwimu itakayowatosheleza waliozika.

Kati ya tarehe hizo mbili nchi yetu haikupungukiwa na hoja kuhusu mageuzi ya uchaguzi. Ilipungukiwa na hitimisho.

Nalitumia neno hilo kama mwalimu. Kila muhula nasahihisha insha za vijana juu ya mada hii. Wengi hujenga hoja vizuri, hutaja ibara na kulinganisha nchi, kisha huanguka katika aya ya mwisho: serikali, kwa kushirikiana na wadau, haina budi kuutazama upya mfumo wa uchaguzi kwa maslahi mapana ya taifa. Nani hasa? Autazame lini? Abadilishe kifungu gani? Siku moja mwanafunzi aliniuliza, "Mwalimu, hitimisho hili namwandikia nani?" Sikuwa na jibu, maana nami nimeandika mengi ya namna hiyo na kulipwa posho ya semina kwa kuyasoma mbele ya watu.

Hitimisho la namna hii halimkosei mtu, na ndiyo sababu halimsogezi mtu. Vijana wetu wamelijifunza kutoka kwetu, nasi tumelijifunza kutoka kwa dola. Tume ya Jaji Nyalali ilipomaliza kazi yake mwaka 1992, ilipendekeza vyama vingi na pia marekebisho ya sheria kandamizi zipatazo arobaini. Tulichukua vyama, tukaziacha nyingi ya sheria zile. Tume ya Jaji Warioba ilitoa rasimu yake ya pili Desemba 2013. Bunge Maalumu likapitisha Katiba Inayopendekezwa mwaka 2014, na kura ya maoni iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa. Bado imeahirishwa. Mwaka 2022 kikosi kazi cha Profesa Mukandala nacho kilikabidhi ripoti. Kila mara tulipokaribia aya ya mwisho, tulifungua sura mpya.

Hata waliotuandikia hitimisho kamili hatukuwasikiliza. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake hapa hapa Arusha, iliamua mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Mtikila, kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kinyume cha Mkataba wa Afrika. Julai 2020, katika shauri la Jebra Kambole, ikaamua hivyo hivyo kuhusu Ibara ya 41(7) ya Katiba, inayokataza mahakama yoyote kuchunguza matokeo ya urais. Wakati huo tulikuwa tumekwisha kuiondoa, Novemba 2019, ruhusa ya mwananchi kuifikia mahakama hiyo moja kwa moja. Hatukuujibu uamuzi, tulifunga dirisha ulimopitia.

Nitaambiwa kwamba mageuzi yamefanyika. Ni kweli, sheria za mwaka 2024 zilileta kamati ya usaili ya kupendekeza majina ya wajumbe, ziliondoa mtindo wa mgombea kupita bila kupigiwa kura, na kuipa Tume jina jipya lenye neno "Huru". Sizibezi hatua hizo. Lakini uteuzi umebaki kwa Rais, ambaye huweza kuwa mgombea katika uchaguzi huo huo, na Ibara ya 74 haikuguswa. Tarehe 27 Novemba mwaka huo huo, uchaguzi wa serikali za mitaa ulisimamiwa na TAMISEMI, wizara ya serikali inayoundwa na chama kilichokuwa kikishindana.

Nitaambiwa pia kwamba kudai zaidi ni kuchezea amani. Mtu aliyenyimwa hukumu mahakamani huitafuta wapi? Kenya ilijibu swali hilo kwa damu mwaka 2007 na 2008. Ndipo Katiba ya 2010 ikaupa mgogoro wa urais mahali pa kwenda. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ikafuta matokeo. Mwaka 2022 ikayathibitisha. Malawi ilifuta matokeo ya urais mwaka 2020, ikarudia uchaguzi, na aliyeshindwa akaondoka madarakani. Sisi tumeufunga mlango huo kwa ibara ya Katiba, kisha tunawashangaa waliosimama barabarani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wetu sasa unajengwa juu ya makaburi.

Basi nahitimisha, na safari hii nataja anwani. Waziri mwenye dhamana ya Katiba na sheria apeleke bungeni muswada wa mabadiliko ya Katiba wenye mambo matatu: kufuta Ibara ya 41(7), kurekebisha Ibara ya 74 ili wajumbe wote wa Tume, mwenyekiti akiwemo, wapatikane kwa usaili wa wazi na kuthibitishwa na Bunge, na kuruhusu mgombea binafsi. Ufanyike kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2029. Ibara ya 98 inadai theluthi mbili ya wabunge, na chama tawala kinazo na ziada. Kisingizio cha kukosa kura hakipo. Muswada usipofika, tutajua ni nani hakuupeleka.

Wanafunzi wangu, kuanzia muhula huu insha itakayoishia kwa "wadau" haitapata alama za hitimisho. Wanaharakati, kila tamko lenu litaje ibara, ofisi na tarehe. Nanyi watumishi wa umma mnaoandaa ripoti, mnajua namna pendekezo kali linavyolainishwa kutoka dawati hadi dawati mpaka linabaki "kuzingatia". Msililainishe ninyi. Anayetaka kulilainisha aweke saini yake.

Mama yangu sasa ni bibi wa wajukuu wanne. Mkubwa wao atapiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 2030. Sitaki nimwambie apange foleni ile ile.