Jambia Lililo Kashani: Fedha ya Mizani au Urithi wa Kizazi?



Katika nyumba nyingi za pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Vanga, liko kasha ambalo funguo zake huwa mikononi mwa mama wa nyumba. Humo mna hati za shamba, kanga za arusi zilizokunjwa kwa udi, vikuku vya bibi na, mara nyingi, kitu kirefu kilichofungwa kitambaa ambacho watoto wamekatazwa kukigusa. Hilo ni jambia la babu. Hutolewa siku bwana arusi avaapo joho na kilemba, kisha hurudishwa gizani mpaka arusi nyingine.

Juma hili tuzungumze juu ya kisu hicho, kwa sababu siku hizi kina watakaji wengi. Kuna wafanyabiashara wapitao nyumba kwa nyumba wakiulizia vitu vya kale, na kuna masonara wanunuao fedha kuukuu kwa uzani. Mama mwenye haja ya karo au dawa huambiwa kwamba jambia lake ni gramu kadhaa za fedha na chuma chenye kutu, na huenda akaamini. Kabla hajakubali bei, ni haki yake kujua kile alichokishika.

Kisu cha safari, mawindo na heshima

Hanjari ya Oman na jambia la Yemeni zilianza zikiwa silaha na vyombo vya kazi. Msafiri wa jangwani na milimani alihitaji chuma kiunoni cha kujilinda, cha kumalizia windo na kuchunia ngozi. Baada ya muda chombo hicho kikawa pambo la heshima, na kazi ikaachiwa kisu kingine kilicho kidogo zaidi. Ukiipindua hanjari nyingi za Oman, nyuma ya ala utaona kisu chembamba chenye mpini uliozungushiwa nyuzi za fedha. Hicho ndicho kisu cha mkono: cha kukatia nyama, kamba na tunda. Aghlabu ndicho hupotea kwanza, kwa kuwa watoto huona chafaa jikoni. Nyumba iliyokihifadhi pamoja na mwenziwe imehifadhi jambo ambalo wakusanyaji hulitafuta sana.

Visu hivi vilifika kwetu na watu. Waomani waliitwaa Ngome ya Yesu mwaka 1698, na Mombasa ikaishi chini ya maliwali wa Kimazrui mpaka Sayyid Said bin Sultan alipoishika mwaka 1837. Kutoka Hadhramaut walikuja mashekhe, wachuuzi na mabaharia, kila mmoja na mavazi ya kwao. Kwa hiyo aina ya jambia lililo kashani huweza kudokeza njia ambayo aila yako ilipitia.

Tazama ala kwanza. Ala ya Oman hukunjika ghafula, karibu kama pembe ya mraba, na juu yake hupambwa kwa nyuzi na mabamba ya fedha. Ala ya Yemeni hupinda mfano wa ndoana. Kule Yemeni hata mahali pa kuvalia palikuwa na maana: watu wa makabila walilisimamisha jambia katikati ya tumbo, ilhali masharifu na makadhi walivaa aina iitwayo thuma, iliyoinamishwa upande wa kulia. Katika hanjari za Oman hesabu pete za ala. Zilizo nyingi zina pete nne za kushikilia mshipi. Aina ya Saidi, inayonasibishwa na ukoo wa kifalme wa Al Busaid, ina pete saba, na husimuliwa kwamba umbo lake lilibuniwa na mke wa Sayyid Said, Shahrazad aliyetoka Uajemi. Kama masimulizi hayo ni kweli, basi moja ya alama kuu za uanaume wa Oman ilichorwa na mwanamke.

Kisha chomoa chuma, yaani kengee. Wengi hustaajabu kuona kwamba kengee haikupinda kama ala. Ina mpindo mdogo tu, makali pande mbili, na uti mnene unaopita katikati kuipa nguvu. Ile ncha ya ala iliyopinda ni pambo. Chuma hakifiki huko.

Oman imeiweka hanjari katika bendera yake tangu mwaka 1970, na mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ufundi wa kuitengeneza na desturi za kuivaa katika orodha ya urithi wa binadamu. Kitu ambacho taifa zima limekiweka juu ya bendera yake, sisi tusikiuze kama mabati chakavu.

Fedha ilitoka wapi?

Sehemu kubwa ya fedha iliyofuliwa na masonara wa Oman, Yemeni na pwani hii ilitokana na sarafu moja: riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Sarafu hiyo ina uzani wa gramu 28 hivi, na fedha yake ni zaidi ya sehemu nane katika kumi. Wafanyabiashara waliiamini kutoka Habash hadi Bara Hindi, na sonara aliyetakiwa kutengeneza ala au mkufu aliiyeyusha bila wasiwasi.

Hapa pana hila ya kujihadhari nayo. Riale hizo zote zimeandikwa mwaka 1780, hata zile zilizopigwa zaidi ya miaka mia moja baadaye. Muuzaji akikuonyesha sarafu iliyobandikwa katika mshipi na kukuambia, "Tazama, hili jambia ni la mwaka 1780," ujue kwamba tarehe hiyo haithibitishi kitu. Umri wa kisu husomwa kwa mambo mengi pamoja: kazi ya mkono katika fedha, mahali palipolika kwa kushikwa, mishono ya ngozi, na zaidi ya yote habari za wenyewe. Kisu kipya cha watalii huwa na kengee nyembamba ya bati na mapambo yaliyopigwa kwa mashine, kila ua likiwa sawasawa na jingine. Mkono wa mwanadamu hauendi hivyo.

Mpini wenye deni

Sasa tufike penye uzito. Thamani ya jambia la Yemeni ilikuwa katika mpini kuliko katika chuma, na mpini uliosifiwa kupita yote ni wa pembe ya kifaru. Kwa miaka mingi ya kushikwa, pembe hiyo hung'aa na kupata rangi ya asali ambayo mwanga hupenya. Wayemeni huiita saifani.

Pembe hizo zilitoka upande wetu. Katika miaka ya 1970 Wayemeni wengi walikwenda kufanya kazi Saudia, wakarudi na fedha, na kila kijana akataka mpini ambao zamani uliwafaa matajiri tu. Kenya ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi 20,000 hivi mwaka 1970. Mwishoni mwa miaka ya 1980 hawakufika 400. Hatuwezi kuwabebesha mafundi wa Sanaa mzigo wote, kwa kuwa pembe zilinunuliwa pia kwa ajili ya dawa huko Asia ya Mashariki, na majangili walikuwa miongoni mwetu. Lakini sehemu ya deni hilo imo katika mipini. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Yemeni ikakataza kuingiza pembe mwaka 1982. Na katika miaka ya 1990 Mufti Mkuu wa Yemeni alitoa fatwa dhidi ya kuwaua vifaru. Siku hizi mafundi hutumia pembe za nyati wa maji, na Oman hutumia miti kama msandali. Vifaru weusi wa Kenya wamerejea kidogo kidogo hata wamepita 1,000.

Je, mpini wa babu ni wa nini? Pembe ya ng'ombe au nyati ina uwazi ndani, na hukua kwa matabaka. Pembe ya kifaru haina uwazi. Imeshonana nyuzi nyembamba kama nywele zilizogandamana. Pembe ya ndovu huonyesha mistari myembamba inayokatana kama wavu pale ilipokatwa. Ukishuku kwamba ni ya kifaru au ndovu, usiuze, usitume kwa ndugu aliye ng'ambo, wala usisafiri nayo. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumiliki au kufanyia biashara viungo vya wanyama hao bila kibali, na adhabu yake ni nzito. Mkataba wa kimataifa nao umefunga njia za mipakani. Tafuta ushauri wa wakili, kisha uwaendee wahusika wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori ukiwa na maelezo ya namna kisu kilivyofika nyumbani. Kuuliza mapema ni salama kuliko kuulizwa uwanja wa ndege.

Na iko sheria ya pili. Kwa Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006, kifaa kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895, kisipokuwa kitabu au hati, huhesabiwa kuwa cha kale. Biashara yake huhitaji leseni, na kukitoa nchini huhitaji kibali. Mnunuzi anayetaka kukupa fedha taslimu na kuondoka kabla ya adhuhuri huenda anaijua sheria hiyo kuliko wewe.

Ni la nani?

Desturi katika aila nyingi ni kwamba jambia huenda kwa mtoto wa kiume aliye mkubwa. Ni desturi nzuri maadamu haikugeuzwa kuwa hukumu. Alichokiacha marehemu ni mali ya mirathi. Baada ya gharama za mazishi, madeni na wasia, kila mrithi ana fungu lake, mke na mabinti wakiwemo. Jambia nalo limo katika hesabu hiyo, sawa na shamba au duka. Kaka akilichukua kimyakimya, au dada akaliuza kwa sababu ufunguo anao yeye, wote wawili wamegusa haki ya wenzao.

Njia ya amani ipo. Kisu kitiwe bei na mtu mwadilifu asiyekuwa mnunuzi, warithi waridhike, kisha anayekitaka akichukue kwa kukatiwa katika fungu lake. Au wote wakubali kwa hiari, mbele ya mashahidi, kwamba kitakaa nyumba fulani na kutolewa kwa arusi za wote. Penye utata, waulizwe wenye ilimu ya mirathi au Mahakama ya Kadhi. Ndugu wamewahi kunuiana kwa vitu vidogo kuliko hivyo.

Namna ya kulitunza

Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na hivyo ni maadui wa chuma. Chomoa kengee mara moja kila miezi michache, kwa mikono mikavu au yenye glavu za pamba, kwa kuwa jasho huacha alama za kutu. Ifute kwa kitambaa laini, uipake mafuta mepesi ya cherehani, tone moja au mawili. Mafuta ya nazi hayafai. Hugeuka na kunata. Ngozi ya ala hunyonya unyevu, basi ikiwezekana chuma na ala vilale mbalimbali, kila kimoja ndani ya kitambaa cha pamba.

Ndimu, ukwaju na majivu, ambavyo tumezoea kusugulia shaba, visiguse fedha hii. Weusi ulioingia katika nakshi ndio unaoonyesha ua na jani. Ukiung'oa umeng'oa umri wake. Usimpe sonara alifanye "jipya". Na kwa usalama wa watoto, kasha lifungwe: hata kisu cha miaka mia moja hukata.

Baada ya hayo, chukua daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Piga picha mbele na nyuma, pima urefu, hesabu pete, kisha mketi na mzee aliye hai umuulize: lilitoka kwa nani? Alilivaa nani na katika arusi ya nani? Alitoka mji gani? Andika majina yote, yawe na ya wanawake waliolificha wakati wa shida, maana mara nyingi wao ndio waliolifikisha hapa. Karatasi hiyo iwekwe ndani ya kasha, na nakala apewe ndugu wa nyumba nyingine.

Wengine hudhani ukusanyaji wa visu vya kale ni mchezo wa matajiri wenye makabati ya vioo. Lakini mkusanyaji wa kwanza wa jambia la pwani ni yule bibi aliyelifunga kitambaa na kukataa kuliuza mwaka wa njaa. Sonara ataweza kupima fedha yake. Jina la babu, safari yake na arusi za wanawe havipandi mizani, na visipoandikwa vitafutika hata kama kisu kitabaki.

Wazee bado wapo. Waulizeni juma hili.

Tukutane juma lijalo, inshaallah.