Kabla ya kumlaumu dereva

Mwanangu, hapa nyumbani Bagara, hucheza Euro Truck Simulator 2 kwenye kompyuta. Nilimnunulia runinga ya inchi 43, nikidhani ukubwa ndio ubora. Kila akikata kona, lori lilichelewa kuitikia, likatoka barabarani. Nikamcheka kuwa hana mkono wa udereva. Akaacha kucheza mbele yangu.

Kosa halikuwa lake. Runinga nyingi huichakata picha kabla ya kuionyesha, na kuchelewa huko, japo ni sehemu ndogo ya sekunde, mwenye usukani hukuhisi. Mwenye runinga atafute kwenye mipangilio hali ya michezo, hupunguza tatizo. Anayenunua monita, inchi 24 hadi 27 zinamtosha aketiye karibu na meza. Hezi 60 zinafaa. Kwa 75 au 100 picha hutiririka vizuri zaidi, iwapo kompyuta inazimudu. Monita ya mtumba iwashwe dukani, ikaguliwe kwa picha nyeupe tupu, kisha nyeusi, ndipo ulipe.

Nilibadili mipangilio, nikamwomba mwanangu radhi. Siku hizi yeye huendesha, nami ni utingo wake.