Nusu ya Ziwa ni Yetu, Wanaozama ni wa Nani?



Mei hadi Agosti huku kwetu si mchezo. Mbeya makoti, Iringa makoti, kila mtu anatafuta chai ya tangawizi. Lakini kule chini Kyela, kwenye Ziwa Nyasa, kuna wenzetu wanaingia majini usiku na kaptula na fulana, ndani ya mtumbwi wa gogo, kutafuta dagaa. Wakizama tunaimbiwa wimbo uleule: uzembe wa wavuvi, kazi ya Mungu haina makosa. Mimi nakataa. Mungu asisingiziwe kazi ya serikali.

Tuanze na ziwa lenyewe, maana wengi wanaolisemea wamelionea kwenye kalenda. Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 500 na kina cha karibu mita 700. Miezi hii upepo unatoka kusini, wenzetu wa Malawi wanauita mwera. Unasukuma maji urefu wote wa ziwa, halafu mawimbi yanakuja kumalizia hasira kwetu, ncha ya kaskazini. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone imeingia majini kama ukuta. Ukizidiwa, sehemu nyingi hakuna ufukwe wa kukimbilia.

Na baridi je? Maji ya juu hushuka hadi nyuzi 23 au 24. Mtu wa ofisini atasema hayo ni ya kuoga. Mwili wako una nyuzi 37, na maji yanakunyang'anya joto mara 25 hivi kuliko hewa. Kaa humo saa kadhaa, usiku, upepo unakuchapa: vidole vinakufa ganzi, mikono inaachia mtumbwi, basi. Kwa hiyo mtu asituambie "mbona marehemu alijua kuogelea". Kuogelea hakukutoshi kama hakuna anayekuja kukuchukua.

Sasa swali la kisiasa: kwa nini waingie? Kwa sababu ziwa ndiyo barabara yao. Akina mama wa Ikombe wanafinyanga vyungu maarufu vya Wakisi, na vyungu hivyo vinafika soko la Lyulilo, karibu na Matema, kwa mtumbwi. Nenda mwambao wa Ludewa, uliokuwa mkoa wa Iringa mpaka Njombe ilipopewa mkoa wake mwaka 2012, habari ni hiyohiyo. Na ninyi wa Iringa mnaovua bwawa la Mtera msijione mko salama. Mtera inatoa umeme wa gridi ya Taifa, lakini mvuvi wake naye anapambana na upepo juu ya ubao.

Watasema tumeleta MV Mbeya II. Sawa, meli ya abiria 200 ilizinduliwa Januari 2021, hatubishi kizuri. Lakini meli haivui dagaa, wala haipiti kila kijiji kila siku.

Mwaka 2012 mgogoro wa mpaka na Malawi ulipopamba moto, viongozi walitoka vifua mbele: mpaka uko katikati ya ziwa, hatuachii hata tone. Safi sana. Basi kama nusu ya ziwa ni yetu, na anayezama kwenye nusu hiyo ni wetu. Huwezi kudai maji halafu ukakana maiti.

Na msidhani ni Nyasa tu. Septemba 20, 2018 MV Nyerere ilipinduka Ukara. Kivuko cha watu 100 kikaua watu 228, na giza lilipoingia uokoaji ukasitishwa. Novemba 6, 2022 ndege ikaanguka ziwani Bukoba, watu 19 wakafa. Nani walifika kwanza? Wavuvi na mitumbwi yao. Majaliwa Jackson, kijana mvuvi, alisema alitumia kasia kufungua mlango wa ndege. Akapongezwa, akapewa kazi Zimamoto. Hongera kwake. Lakini nchi inayookolewa na kasia inatakiwa kuona aibu, si kupiga makofi tu.

Mimi mwenyewe niliwahi kwenda ofisi moja ya umma kuuliza boti ya uokoaji iko wapi. Nikaambiwa niandike barua. Nikauliza leseni ya mtumbwi inalipiwa wapi. Nikaonyeshwa dirisha palepale! Kukusanya kuna dirisha, kuokoa kuna barua.

"Msichanganye misiba na siasa." Jamani, bajeti ni nini kama si siasa? Tunataka mambo manne. Jaketi okozi litoke pamoja na leseni, kwa hela hiyohiyo anayolipa mvuvi. Utabiri wa TMA ufike mwaloni kwa bendera: nyekundu ikipanda, hakuna kutoka. Boti ya uokoaji yenye mafuta na wahudumu, usiku na mchana. Na barabara ya mwambao, ili mama wa vyungu awe na njia nyingine.

Wakati tunadai, na sisi tufanye kazi. Makamanda wa kata za ziwani, pitieni mialo yote mwezi huu. Waambieni vijana: hakuna jaketi, funga madumu matupu yenye vifuniko mtumbwini. Mtumbwi ukipinduka ung'ang'anie, usiuache ukaogelea kufuata taa za nchi kavu, taa hudanganya umbali. Mwachie mtu wa nyumbani saa ya kurudi. Na mzee akisema leo ziwa limechafuka, msikilize, hata kama sufuria ni tupu.

Halafu orodhesheni waliozama kila kijiji, majina na tarehe. Diwani akija kuomba kura, msomeeni orodha nzima kabla hajashika maiki.

Mapambano yanaendelea.