Nyumba na Watoto: Kobe Mdogo Wakati wa Baridi

Mama mmoja wa Lubumbashi, mwenye watoto watano, ametuletea barua ndefu. Mtoto wake wa tatu, kijana wa miaka 10, aliokota kobe mdogo wa majini kando ya kijito mwezi wa tatu, mvua zilipokuwa bado nyingi. Ganda lake halikufika sentimita 4. Kijana alimtia katika beseni la plastiki, akamlisha minyoo na vipande vya samaki, naye kobe akala vizuri hata akazoea kuja juu alipoona mkono. Ulipoingia mwezi wa sita akaacha kula. Akakaa pembeni mwa beseni, macho yamefumba, na hata akiguswa hajifichi. Kijana akasema, «Mama, anasikia baridi.»

Alisema kweli. Lakini usiku uliofuata, watu wote walipokwisha kulala, aliamka kimya, akaichukua mbabula iliyokuwa na makaa mekundu bado, akaiingiza katika chumba anamolala na ndugu zake wawili. Akaiweka karibu na beseni, kisha akafunga mlango na dirisha kusudi joto lisitoke.

Mama aliamshwa na sauti ya mdogo wao aliyekuwa akitapika. Alipofungua chumba aliwakuta wakubwa wawili katika usingizi mzito. Aliwaita, hawakuitika sawasawa. Akawavuta mmoja mmoja hata uani. Walipopata hewa ya nje walianza kulia kwamba vichwa vyauma na miguu haina nguvu. Wote watatu wamepona. Sasa mama anatuuliza mambo mawili: je, amtupe kobe huyo? Na kama asimtupe, atamtunzaje mpaka baridi ipite?

Kwanza tuseme juu ya mbabula, kobe atangoja. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu, ambayo wataalamu huiita monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Watu wengi huogopa moshi, na kwa kuwa makaa mekundu hayana moshi hudhani hayana hatari. Kumbe ndiyo yenye kudanganya zaidi. Hewa hiyo ikiingia mapafuni hushikamana na damu mahali pa oksijeni tunayohitaji, na damu huzunguka mwilini bila kubeba kitu cha kutufaa. Mtu husikia kichwa kinauma, kisha kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi. Aliyekwisha kulala hasikii lolote. Ndiyo sababu nyumba nzima yaweza kulala jioni na isiamke asubuhi. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Na mtu aliyepata sumu hiyo apelekwe kwa mganga wa hospitali, hata akisema amekwisha kupona, maana madhara mengine hutokea baada ya siku nyingi.

Twaomba wazazi wasimpige kijana huyo. Alifanya alichoona wakubwa wakifanya: nani katika mitaa yetu hajapata kuingiza mbabula ndani mwezi wa saba, aote moto kidogo kabla ya kulala? Yeye alikuwa na mgonjwa wa kutunza, na hakuna aliyemwambia habari ya sumu. Mambo haya yampasa baba kuyasema mbele ya watoto wote, mezani, kwa maneno wazi.

Sasa kobe. Kwa maelezo ya mama, kwamba hakunji shingo yake kuirudisha nyuma bali huilaza ubavuni chini ya ganda, na kwamba akishikwa kwa nguvu hutoa harufu mbaya sana, twaona kuwa ni yule kobe wa majini wa kwetu Afrika ambaye wataalamu humwita Pelomedusa. Hukaa katika vijito na madimbwi kutoka nchi za kusini ya Sahara hata Rasi ya Tumaini Jema. Hakutoka nchi ngeni, basi. Na mama anauliza, kama ni wa hapa hapa, mbona baridi ya hapa inamdhuru?

Mwili wetu una moto wake. Nje pakiwa na baridi au jua, sisi hukaa katika nyuzi 37. Kobe hana moto huo. Joto la maji yake ndilo joto la damu yake, na maji yakipoa, tumbo lake huacha kufanya kazi, moyo hupiga polepole, na nguvu ya kupigana na magonjwa hupungua. Lubumbashi yakaa juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba waweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kule kijitoni kobe hujua la kufanya: hujichimbia katika matope, na matope hayapoi upesi kama hewa. Katika beseni lililowekwa juu ya sakafu ya saruji hana matope, na maji ni kidogo, hupoa usiku mmoja kama chai iliyosahauliwa. Tena amekula na kunenepa kwa mkono wa mtu miezi mitatu, hakujitayarisha. Kumtupa leo katika kijito ni kumwua.

Basi mama asimtupe. Maji ya kobe mdogo kama huyo yafaa yawe kati ya nyuzi 25 na 28 wakati wa mchana, na usiku yasishuke chini ya 22 hivi. Pawe na jiwe pana au kipande cha tofali ambapo ataweza kupanda na kukauka kabisa, na hapo joto lifike nyuzi 32 hadi 35 wakati wa kuota. Mkono haujui kupima mambo haya. Mkono uliotoka katika maji baridi ya kufulia huona kila kitu chamoto. Inunuliwe pima joto, kitu cha bei ndogo.

Hapa watu wengi hukosea, hata katika nchi za Ulaya wanakonunua taa za kobe dukani: hudhani joto na nuru ni kitu kimoja. Taa za zamani, zile zenye uzi mwembamba uwakao ndani ya kioo, zilitumia sehemu kubwa sana ya umeme wake kwa kutoa joto, ukiishika ilikuunguza. Taa za siku hizi hutoa nuru nyingi na joto kidogo mno. Mtu huitundika juu ya beseni, huona kobe wake anang'aa, kumbe maji ni baridi vile vile. Na kuna jambo la tatu. Katika jua mna mionzi isiyoonekana kwa macho, inayoitwa urujuanimno. Sehemu moja ya mionzi hiyo ikigusa ngozi, mwili hutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo chokaa iliyo katika chakula haiingii katika mifupa. Mama anajua habari hii, maana mtoto aliyefichwa ndani siku zote, asiyeona jua, hupata matege. Kobe mdogo naye hupata matege yake: ganda huwa laini kama ngozi ya kiatu, hupindika, na taya haliwezi kutafuna. Wala taa ya zamani wala ya sasa ya nyumbani haitoi mionzi hiyo. Na kioo cha dirisha huizuia, hivyo beseni lililowekwa ndani karibu na dirisha lenye jua hupata joto bila faida ile nyingine.

Huko Ulaya, ambako miezi mingi haina jua la kutosha, hununua taa za namna mbili, moja ya joto na moja ya mionzi hiyo, na ya pili hubadilishwa baada ya miezi 6 hadi 12, kwani mionzi huisha ingawa nuru yaendelea kuonekana. Hizo ni gharama. Sisi wa Katanga tuna bahati ambayo hatuihesabu: wakati ule ule wa baridi ndio wakati wa mbingu safi. Usiku watetemeka, lakini saa nne asubuhi jua ni kali.

Kwa hiyo kijana alitoe beseni nje saa nne, jua likisha kupasha hewa, alirudishe kabla ya saa tisa. Nusu ya beseni ifunikwe kwa ubao au jani la mgomba, kobe apate kivuli akitaka. Hilo si jambo dogo. Maji machache juani hupanda joto upesi, na kobe asiye na kivuli hufa kwa saa moja, mbele ya watu wanaodhani anafurahia. Chombo cha kioo kisitumiwe juani kamwe. Juu yake uwekwe wavu, kwa sababu ya kunguru na paka, na beseni lisiwekwe mahali pa siafu.

Usiku ni shauri jingine. Beseni liondolewe juu ya saruji, liwekwe ndani ya sanduku la mbao au la katoni nene, juu ya ubao, na pande zote kuzunguka beseni zijazwe nyasi kavu au randa za seremala. Wale mama wanaopika maharage kwa kuyachemsha kidogo na kuyafunika katika kikapu chenye nyasi wameijua kazi hii zamani. Kabla ya kulala, chupa mbili za maji ya moto, zilizofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa, zitiwe kati ya beseni na nyasi, kisha sanduku lifunikwe blanketi kuukuu, pakiachwa nafasi ya hewa. Kobe huvuta hewa kama sisi. Asubuhi kijana apime. Akiona nyuzi 20, usiku ujao aongeze chupa. Giza halimdhuru, usiku ni wa kulala, na umeme ukikatika usiku hakosi kitu.

Kama nyumba ina umeme wa kutegemewa mchana, na siku ni ya mawingu, taa ya zamani ya wati 40 yaweza kutundikwa juu ya jiwe la kuotea. Ishikwe kwa waya imara uliofungwa darini, si kwa uzi wake wa umeme, wala isikae ukingoni mwa beseni. Taa ikianguka majini yaweza kumwua mtoto atakayeingiza mkono kumwokoa kobe. Mshumaa na taa ya mafuta karibu na nyasi kavu hatutaki hata kusikia.

Leo hii, kwa kuwa kobe amekwisha kupoa, asitiwe katika maji ya moto. Maji yaongezwe joto kidogo kidogo, mchana mzima. Asipewe chakula mpaka awe ameogelea siku nzima kwa nguvu, kwani chakula katika tumbo lililopoa huoza. Kisha apewe minyoo, dagaa wabichi pamoja na mifupa yao, kipande kidogo cha ini mara moja kwa juma. Nyama tupu kila siku haifai.

Mama hakuuliza habari ya usafi, lakini tutaisema. Kobe hata akiwa mzima hubeba vijidudu vinavyoitwa salmonela, viletavyo kuhara na homa kali, hasa kwa wadogo. Kwa sababu hiyo Marekani walikataza mwaka 1975 kuuza kobe wenye ganda lisilofika sentimita 10 hivi, maana watoto walikuwa wakiwatia mdomoni. Beseni la kobe lisiwe la jikoni, maji yake yasimwagwe mahali pa kuoshea vyombo, na kila amshikaye anawe kwa sabuni. Yule mdogo aliyetapika, kama hajafika miaka 5, asimguse kabisa.

Baada ya baridi? Sisi twaona kijana amrudishe, mvua zitakapoanza sawasawa na kijito kujaa, kama kobe ni mzima na hakuchanganywa na wanyama wengine. Amrudishe katika kijito kile kile, si kingine. Kobe hawa hufika sentimita 20 na huishi miaka mingi, na beseni halikui. Kijana atalia kidogo. Lakini mwenye kuamka usiku kwa ajili ya kiumbe kidogo kama kile atakubali, akielezwa kwa upole na si kwa amri.

Kabla ya hapo awe yeye mwenye kazi yote, isipokuwa ya moto na ya maji yanayochemka, ambayo ni ya mama. Apewe daftari la shule, aandike joto la maji asubuhi, adhuhuri na jioni, na kama kobe amekula. Macho yakivimba, au akiogelea ameinama upande mmoja na kufungua mdomo kutafuta hewa, hiyo ni ishara ya ugonjwa ambao jua peke yake halitauponya. Atafutwe mganga wa mifugo upesi. Mama atuandikie tena mwezi wa nane, na kijana atie katika bahasha ukurasa mmoja wa daftari lake.