Taarifa ya mafuriko ifike bondeni, isiishie kwenye magrupu

Vijana wenzangu, masika yakikaribia tutaziona tena zile ramani za Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), za njano na chungwa, zikizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. TMA wanafanya kazi yao. Mvua za El Nino za 2023 walizitangaza mapema kabisa. Lakini hebu tujiulize: yule mama wa Muhoro anayelala kwenye dungu shambani akilinda mpunga, simu imezima tangu juzi, ramani hiyo anaionea wapi?

Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilizama. Mashamba yakaondoka, nyumba zikaondoka. Tarehe 25 mwezi huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua zimeua watu 155 nchi nzima na kuathiri zaidi ya 200,000.

Likazuka bishano la bwawa. Wananchi wakasema maji yamefunguliwa Bwawa la Nyerere, serikali ikajibu kuwa Rufiji imefurika tangu enzi na bwawa si chanzo. Sawa, leo tusibishane. Swali letu ni dogo tu: maji yanapofunguliwa, mwenyekiti wa kitongoji anaambiwa saa ngapi, na nani?

Maana Rufiji si korongo la kushtukiza. Unabeba maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, kutoka nyanda za juu huko mbali. Maji hayo huchukua siku kadhaa kufika bondeni. Siku hizo ndizo uhai wa watu. Zikipotea ofisini, kijijini wanabaki na usiku mmoja.

Jibu tunalolizoea ni "wahame mabondeni". Jamani, hilo lilijaribiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Operesheni Rufiji iliwapandisha watu juu, na wengi wakaendelea kushuka kulima. Si ukaidi. Mto huo huo unaofurika ndio unaoleta rutuba. Mtu hawezi kula mlima.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, tahadhari itaje kijiji na kina cha maji, siyo "mikoa ya ukanda wa Pwani" halafu basi. Pili, kabla ya maji kufunguliwa, tangazo lipite redioni, kwenye vipaza sauti vya misikiti na kwa watendaji wa vijiji, likiwa na siku na saa. Tatu, kamati za maafa za vijiji zipewe fedha, boti na mafuta kabla ya masika. Kamati isiyo na hata tochi ni karatasi tu.

Lakini tusikae tukingoja serikali isikie. Kijana wa tawi uliyeko bondeni, kazi yako hii hapa: andika majina ya wazee, wajawazito na walemavu wa kitongoji chako, na nani atambeba nani. Jueni mapema mtumbwi uko kwa nani na mwinuko upi watu wakimbilie. Vyeti, kadi za kliniki na mbegu zifungwe kwenye mfuko wa nailoni, zikae juu. Maji yanayokimbia usiyavuke, hata kama yanaonekana ya magotini, na Rufiji ina mamba na viboko wanaofuata maji hadi vijijini. Yakishapungua, chemsheni ya kunywa, maana kipindupindu huja nyuma ya mafuriko.

Na usiulize mtu kadi ya chama kabla ya kumpandisha mtumbwini. Maji hayajui nani ni wa kijani na nani ni wa upinzani.

Siku ya kampeni wakija kuomba kura bondeni, muwaulize hadharani: mwaka ule maji yanakuja, mlitwambia lini?