Tulipokwenda Kuona Chuo na Binti Yetu

Wapendwa akina mama, mwezi huu tutaziweka kando habari za lishe na chanjo, tuseme jambo lililotupata nyumbani kwetu. Tunajua wengi wenu mna mtoto aliyemaliza kidato cha nne, amekaa nyumbani anasubiri, nanyi usiku hamlali mkiwaza aende wapi na ada itatoka wapi.

Binti yetu wa pili ana miaka 17. Matokeo yake hayakuwa mabaya: Biolojia alipata C, Kemia na Fizikia D, na masomo mengine alifaulu. Stashahada ya uuguzi na ukunga hutaka ufaulu wa D nne angalau, somo la dini halihesabiwi, na ndani yake ziwemo Biolojia, Kemia na Fizikia. Basi alikuwa amefikia. Tulifurahi mno, maana tangu akiwa mdogo tulikuwa tukiwaambia watu kwamba huyu ndiye atakayevaa gauni jeupe baada yetu. Yeye mwenyewe hakusema neno. Tukauhesabu ukimya wake kuwa ni kukubali.

Rafiki mmoja akatutajia chuo cha binafsi huko Arusha. Tukasema twende kwanza tukakione. Mbuzi hatumnunui bila kumshika mgongo, lakini mtoto tunampeleka chuoni kwa tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya stendi! Tukapanda basi la alfajiri pale Same, fedha za kikoba zikiwa zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Tulipopita Tengeru binti alionyesha kidole dirishani akasema, “Mama, hapa ndipo anaposoma yule dada aliyekuwa kiranja wetu.” Tukaitikia tu, tukaendelea kupiga hesabu ya ada kichwani.

Karani wa udahili alikuwa kijana mpole, amevaa tai. Alimgeukia binti akamwuliza, “Unaupenda uuguzi?” Tukajibu sisi, “Anaupenda sana.” Akamwuliza alisoma shule gani. Nalo hilo tukalijibu. Akamwuliza kama anaogopa damu, tukacheka kwa niaba yake. Binti alikuwa akitazama vidole vyake. Ilituudhi kumwona amekaa vile kama mgeni, tukamwambia kwa ukali kidogo, “Basi nenda ukaangalie mabweni, usikae hapo kama sanamu.” Akaondoka.

Sisi tukazungushwa. Cheti cha usajili kilikuwa ukutani ndani ya kioo. Chumba cha mazoezi kilikuwa na vitanda viwili vyenye shuka nyeupe zisizo na mkunjo, mashine ya kupimia shinikizo la damu, na mdoli mkubwa wa kujifunzia amelala kama mgonjwa kweli. Tunakiri kwamba tulivutiwa, na uuguzi wetu wote wa miaka zaidi ya ishirini. Karani akasema nafasi zimebaki chache, tukilipa sehemu ya ada siku hiyo hiyo jina litaingia. Tukaanza kulifungua lile fundo la kitenge.

Ndipo binti alipoingia. Aliinama akatunong’oneza kwa Kipare ili karani asielewe: tusilipe kwanza.

Alikuwa amewakuta wasichana wa mwaka wa pili wakifua nguo, akakaa nao akawasaidia kusuuza. Hakuwauliza habari za chakula wala vitanda. Aliwauliza wamekwisha kuhudumia wagonjwa wangapi. Walitazamana. Wakamwambia wodini wamekwenda mara chache mno, tena kwa kundi kubwa lililosimama nyuma ya wauguzi, na wengi hawakugusa hata mkono wa mgonjwa. Kile chumba cha mdoli hufunguliwa wageni wanapokuja.

Tukafunga fundo. Tukamwuliza karani wanafunzi wanafanyia mazoezi hospitali gani, na kama kuna makubaliano ya maandishi. Akasema mwenye habari hizo amesafiri. Alitusindikiza hadi getini na kitabu chake cha stakabadhi mkononi.

Akina mama, swali hilo lilikuwa letu kuliuliza. Kazi hii tunaijua. Sisi tulisoma katika chuo kilichokuwa uani mwa hospitali. Ukitoka darasani unavuka ua, umefika wodini. Mafunzo haya ni ya miaka mitatu, ngazi ya 4 hadi ya 6, na mwishoni kuna mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga kabla ya kupewa leseni. Lakini mtihani hauwezi kukufundisha jinsi mtoto mwenye nimonia anavyovuta pumzi, mbavu zikiingia ndani. Hilo unalijua kwa kusimama kando ya kitanda chake usiku, na muuguzi mzoefu akikuambia, “Tazama hapa.” Mdoli hapumui. Na mama atakayekuja kujifungua mikononi mwa muuguzi asiyewahi kushika mtu hatajua chuo alichosoma; yeye ataona matokeo tu.

Tena usitosheke na cheti cha ukutani. Kusajiliwa kwa chuo ni jambo moja, na kozi yenyewe kuwa na ithibati ni jingine. Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET) hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka. Tafuta humo jina la chuo, kisha jina la kozi, kabla hujafungua pochi.

Tulikaa kwenye mgahawa tukala wali maharage. Tukamshukuru, kisha tukamwuliza kwa nini hakusema neno mbele ya karani. Alikaa kimya kitambo, akasema, “Mama, uuguzi siuchukii. Ila hata siku moja hujaniuliza.”

Wali haukupita tena.

Alikuwa na ombi: turudipo tushuke Tengeru. Pale ipo Taasisi ya Maendeleo ya Jamii, ya serikali, ambayo ilianza mwaka 1963. Tulipofika mlango wa ofisi akatuambia kwa adabu, “Mama, naomba uningoje hapa.” Tukangoja kwenye benchi. Zamu mbili za usiku mfululizo si ngumu kama lile benchi! Tulisikia sauti yake ndani ikiuliza habari za ada, za mafunzo kwa vitendo, za kazi anazofanya mhitimu. Hatukujua kama ana sauti ya namna ile. Alitoka na karatasi aliyoiandika mwenyewe pande zote mbili. Njiani akatueleza habari za maafisa maendeleo ya jamii, wale wanaosimamia vikundi vyetu na ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, kana kwamba hatujawahi kuwaona.

Baba yake hajakubali. Anasema muuguzi hakosi kazi, na kwamba mtoto wa miaka 17 hajui njaa. Hatuwezi kusema amekosea kabisa. Mshahara wa uuguzi ndio uliomsomesha binti huyu. Tumeomba pamoja jioni tatu, na siku ya nne walibishana hadi chai ikapoa.

Fomu bado haijajazwa. Juu ya kabati ipo karatasi yenye majina mawili, Tengeru kwanza, kisha chuo kimoja cha uuguzi kilicho ndani ya eneo la hospitali. Wiki ijayo binti na baba yake watakwenda kukiona hicho cha pili. Ameshaandika maswali yake. Sisi tumeambiwa tubaki nyumbani.