Kabla hujabadilisha kamera, ijaribu kwa kiganja cha mwanao

Msimu wa korosho ukifika, simu yangu huanza kuita alfajiri. Ndugu zangu wako Nachingwea na Ruangwa. Minada ya RUNALI (chama kikuu kile ambacho jina lake limetokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale) ikishaanza na fedha zikaonekana benki, kila mmoja anakuja na hesabu yake: mabati, ada, pikipiki. Safari hii shemeji yangu wa Ruangwa alikuja na hesabu ya kamera.

"Shemeji, wewe ndiye msomi wetu. Simu yangu ina megapikseli 13. Ile niliyoiona dukani ina 50. Halafu kuna kijana wa studio anauza kamera yake kubwa, lakini ina 16 tu. Si bora nichukue simu ya 50?"

Ningeweza kumjibu kwa sentensi moja. Ila suala la kamera katika familia yetu lina kidonda, na aliyekisababisha ni mimi, kwa hiyo niruhusu nianze nacho.

Mwaka jana, usiku, dada alinitumia picha ya mwanawe, wakati huo ana mwaka mmoja na nusu. Simu yake ilikuwa imezima chaji, akaazima ya jirani, simu mpya kabisa. "Mdogo wangu, hebu mtazame mtoto, mimi namwona kapauka." Nikaifungua picha nikiwa Dar. Uso laini, mashavu yana rangi, macho yanang'aa. Nikamwandikia: yuko vizuri, mpe uji, mlale. Nilikuwa nimeandika habari za afya kwa miaka mitatu.

Bahati nzuri mama mkwe wake hana simu janja. Asubuhi alimtoa mtoto nje, akakishika kiganja chake, akakilaza kando ya kiganja cha mama yake, akasema, "Vaa kanga, twende." Kituo cha afya walimpima kwa kipimo cha haraka, malaria ikaonekana. Damu nayo ilikuwa imeshuka kiasi cha kupewa rufaa siku hiyo hiyo.

Baadaye niliomba tuikague simu ya yule jirani. Tangu itoke dukani ilikuwa imewashwa kile kipengele cha kupendezesha uso. Kinalainisha ngozi, kinang'arisha, kinaongeza wekundu kwenye mashavu. Yote niliyotakiwa kuyaona, kamera ilikuwa imeshayapaka rangi kabla picha haijafika kwangu. Picha ilikuwa nzuri sana, kwa kweli. Dada aliihifadhi, akaifuta baadaye.

Ndiyo maana nilimuuliza shemeji swali kabla ya kumjibu lake: picha unazitaka za kazi gani?

Tuanze na hizo megapikseli, tuzimalize. Ni idadi ya vitone vinavyounda picha, mamilioni yake. Picha ya kawaida ya albamu, ile ya sentimita 10 kwa 15, inahitaji megapikseli 2 hivi kutoka vizuri. Ukitaka ya kutundika sebuleni, ukubwa wa karatasi ya A4, ni kama 9. Ya passport ya kubandika kwenye fomu ya shule haifiki hata huko. Na simu nyingi zinazoandikwa 50, kwa matumizi ya kawaida huunganisha vitone vinne kuwa kimoja, zikakupa picha ya megapikseli 12 na ushee. Muuzaji hatakwambia hilo, wala simlaumu, pengine naye hajui.

Kinachotofautisha zaidi ni sensa (si ile ya watu na makazi!), yaani kile kibati kidogo nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga. Sensa ya kamera za kawaida za kubadilisha lenzi, Canon au Nikon za studio zetu, ina upana wa milimita 22 hadi 24. Ya simu nyingi haifiki milimita 10. Sensa kubwa inakusanya mwanga mwingi, hivyo ukumbini usiku, kwenye taa moja ya njano, haijazi picha chenga chenga. Kama shemeji anataka kupiga harusi na mahafali apate hela ya mboga, megapikseli 16 za yule kijana zinaweza kuishinda 50 ya dukani. Kama anataka picha za watoto nyumbani na kuzituma kwa bibi Nachingwea, kamera kubwa itaishia juu ya kabati.

Sasa namna ya kuipima. Kwanza futa lenzi ya simu uliyonayo. Sifanyi utani. Vumbi letu jekundu la Nachingwea, mafuta ya kupikia na vidole vya watoto vinatosha kuifanya kamera nzima ionekane imezeeka: picha zina ukungu, taa zina mikia. Kitambaa laini, safi, kikavu. Shemeji alifuta, akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe."

Halafu usiihukumu simu mpya kwa kutazama picha kwenye kioo chake yenyewe. Vioo vipya vinang'aa, rangi zake zimekolezwa, na duka lenyewe lina taa kama uwanja wa mpira. Piga kwa simu zote mbili kitu kile kile, mahali pale pale, kisha zitazame picha zote kwenye kioo kimoja. Kuzihamisha, usitumie WhatsApp kwa njia ya kawaida, maana inaipunguza picha sana. Itume kama dokumenti, pale pale unapotumia kutuma PDF. Vinginevyo utakuwa unalinganisha WhatsApp na WhatsApp.

Omba utoke mlangoni. Muuzaji mwenye bidhaa ya kweli hatakataa ukiacha kitambulisho au ukienda naye. Piga picha moja juani, moja kivulini barazani, moja kwenye kona ya giza ndani ya duka. Vuta picha mpaka uone kope za jicho na nywele za pembeni ya kipaji. Zikionekana moja moja, vizuri. Zikiwa zimeungana kama uji wa muhogo, hiyo ni programu inayofuta chenga na kufuta ukweli pamoja nazo. Ukienda na mtoto ndiyo bora kabisa, kwa sababu mtoto hatulii: kamera inayochelewa kwenye mwanga hafifu itakupa mkono wenye vidole kumi.

Kisha rangi, na hapa ndipo ninapokuomba usipite haraka. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, tafuta kipengele cha kupendezesha uso, kizime. Kisipozimika, au kikijiwasha tena chenyewe, mimi ningeirudisha simu hiyo mezani. Weka karatasi nyeupe ya daftari kando ya kiganja cha mtoto, na kiganja chako upande wa pili. Piga barazani mchana, bila fleshi. Karatasi ikitoka ya njano au ya bluu, kamera inakudanganya rangi ya kila kitu. Karatasi ikitoka nyeupe, linganisha viganja kwenye picha na vile ulivyonavyo mkononi.

Sisi wenye ngozi nyeusi tuna sababu ya ziada ya kujaribu. Enzi za filamu, maabara zilirekebisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, na kwa miaka mingi nyuso zetu zikawa zinatoka vivuli vyenye meno. Watengenezaji wa simu wamelishughulikia. Google walitangaza marekebisho ya rangi za ngozi kwenye simu zao za Pixel 6 mwaka 2021, na Tecno wanaijua biashara hiyo siku nyingi. Lakini baadhi ya kamera zikiona uso mweusi bado hukimbilia kuung'arisha, zikidhani zinatusaidia. Gusa uso wa mtoto kwenye kioo kabla ya kupiga. Kamera itapima mwanga hapo badala ya kwenye anga nyuma yake. Simu ikiwa nzuri, utaona weusi wake ukiwa na rangi zake zote, si majivu.

Hata kamera ikifaulu majaribio haya yote, picha haipimi damu. Upele unaokuja na kuondoka, unaweza kuupiga ili umwonyeshe mhudumu jinsi ulivyokuwa jana. Degedege lililopita, video yake fupi inamsaidia daktari, kama kuna mtu mwingine anayemshika mtoto. Lakini mtoto akiwa na homa na viganja vimepauka kuliko vyako, au hanyonyi wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri, usinitumie picha mimi wala mtu mwingine yeyote. Nenda kituoni. Na manjano ya mtoto mchanga yatazamwe na mhudumu kwa macho yake, kwenye mwanga wa mchana, siku hiyo hiyo.

Shemeji alikwenda dukani Jumamosi na karatasi yake ya daftari mfukoni, watu wakamcheka. Mchana, anasema, simu ya 50 na yake iliyofutwa lenzi zilikaribiana mno. Kwenye kona ya giza ile mpya ilishinda waziwazi. Lakini ile ya kupendezesha uso ilikataa kuzimika kabisa, ukiitoa mbele inabaki nyuma, na kiganja cha mtoto kilitoka cha waridi kama ua. Akaiacha. Kamera ya kijana wa studio bado anaifikiria, wameelewana aiazime kwenye harusi moja kwanza, alipie mafuta ya jenereta. Hela nyingine imekwenda kwenye bati, dada ameshinda.

Juzi alinitumia picha, kama dokumenti, nikaona anajivuna nayo. Mtoto anakimbia kuelekea kwenye kamera, nusu ya uso imetoka nje ya picha na mkono mmoja una ukungu. Nikampigia dada kumuuliza viganja. Akanijibu huku anacheka kwamba ni vyekundu kama vyake, na kwamba kwa sasa vimejaa mafuta ya maandazi.